Miguu Yangu Ilikuwa Inasikia

Kabla sijaugua nilikuwa dereva wa lori. Jina langu Hamisi, nyumbani kwetu Nalufenya, pale Jinja. Nilikuwa nabeba pamba kutoka Mbale kuleta Jinja, na nikirudi nabeba saruji, mabati, chumvi, chochote ambacho wenye maduka wa Mbale wameagiza. Miaka ile bwawa la umeme lilikuwa linajengwa pale mtoni na mji mzima ulijaa vumbi na wageni. Lori lilikuwa la tajiri mmoja Mhindi, lakini mtu akiniuliza nilisema ni langu. Kiswahili changu nilikipata barabarani, kwa madereva wa Kisumu na Nakuru, ndiyo maana kina ukali kidogo. Mtanivumilia.

Nilikuwa na mke, Sauda, na binti yetu Nuru, ambaye wakati huo alikuwa ndiyo kwanza ameanza kukimbia. Jumapili nilicheza mpira na vijana wa kiwandani. Nilikuwa na miguu mirefu, na nilikuwa najua kuitumia. Lakini sikuwahi kukaa nikaifikiria. Nani anaifikiria miguu yake?

Ugonjwa ulinikuta Mbale, tunapakia pamba. Ulianza na homa, kisha kichwa kikauma kwa nyuma. Nikasema ni malaria, nikameza kwinini, nikawasha lori. Nilipofika Iganga shingo ilikuwa imekauka, siwezi kugeuka kuangalia kando. Miguu iliuma ndani kabisa ya nyama, kama mtu anaikamua vile nguo zinavyokamuliwa. Nikalifikisha lori Jinja, nikalizima mahali pake, nikatembea hadi nyumbani. Ile ndiyo mara ya mwisho niliyotembea bila kujua kwamba natembea.

Asubuhi niliamka na mkojo umenibana. Nikataka kuteremsha miguu kitandani. Haikuteremka. Nikadhani imekufa ganzi, nikaipiga kwa ngumi. Ngumi iliuma. Hapo ndipo nilipoogopa. Nilijivuta hadi ukingoni, nikaanguka, na Sauda akaingia akanikuta sakafuni nimelowa.

“Hamisi, umekunywa nini?”

“Sijanywa kitu. Miguu imekataa.”

Majirani walininyanyua pamoja na godoro, wakanipeleka hospitali. Mkojo ulikataa kutoka, tumbo likafura, wakanitia mpira wa kutolea mkojo. Choo nacho kilifunga hadi nikalia mbele ya wanawake. Mapaja yakawa laini kama unga uliokandwa. Nayasema haya waziwazi kwa sababu wagonjwa wanayaficha, na wakiyaficha wanadhani ni wao peke yao.

Daktari alikuja, Mzungu, na msaidizi wake. Alinigonga magoti kwa kinyundo, akazungumza Kiingereza kirefu. Msaidizi akanigeukia.

“Daktari anasema hii ni polio. Anashangaa, kwa kawaida inapata watoto.”

“Nitatembea lini?”

Msaidizi akamuuliza. Daktari akajibu huku anaandika, tayari ameshafika kitanda cha pili.

“Anasema usitegemee.”

Nilingoja aseme neno lingine. Yeye alikuwa anaangalia mguu wa mtu mwingine. Nilimwita, “Bwana daktari! Mimi niko hapa!” Msaidizi akanionyesha kidole mdomoni ninyamaze, wagonjwa wanalala. Mpaka leo nikilikumbuka neno lile damu inanipanda. Kama hujui, sema hujui. Usimwambie mtu mwenye mke na mtoto asitegemee, halafu umpe mgongo.

Lakini kilichoniudhi kuliko daktari ni inzi. Watu walidhani miguu iliyopooza ni kama magogo. Walikaa juu yake, waliweka vikapu juu yake. Sivyo! Miguu yangu ilikuwa inasikia kila kitu. Inzi alikuwa anatua kwenye kidole, anatembea polepole hadi kwenye kisigino, anasimama, ananawa mikono, anaendelea. Mimi nasikia kila hatua yake na siwezi kumfukuza. Niliwahi kumtukana inzi mpaka sista akaja kuuliza ninagombana na nani.

Sista yule, mwanamke wa Kisoga, mnene, mkali, namshukuru. Yeye alikuwa anachovya blanketi kuukuu kwenye maji ya moto, anakamua, ananifunga mapaja, na maumivu yanapungua. Akamfundisha Sauda kunyoosha viungo vyangu, goti, kifundo, vidole, asubuhi na jioni. “Usipomnyoosha atakauka amejikunja,” alimwambia. “Akipiga kelele, muache apige.” Nilipiga kelele. Sauda hakuacha.

Tajiri naye alikuja. Aliniletea machungwa, akakaa, akatikisa kichwa, akauliza ufunguo wa lori uko wapi. Nyuma yake alisimama kijana ambaye nilimfundisha mimi mwenyewe kubadilisha gia. Nikautoa ufunguo chini ya mto. Machungwa niliwagawia wenzangu, sikuweza kula hata moja.

Waliporuhusu nitoke, nilirudishwa Nalufenya nimekaa juu ya baiskeli, miguu inaning'inia kama soksi mbili. Ndipo nilipoanza kulijua neno moja. Hapa kwetu ukimwonea mtu huruma unasema “bambi.” Kila aliyepita mlangoni alisema. “Bambi, Hamisi.” “Bambi, alikuwa kijana mzuri.” Alikuwa! Mimi nimekaa pale, nasikia, nakunywa chai. Wengine walisema nimerogwa na mwanamke wa Mbale niliyemwacha. Wengine walisema ni Mungu ananifundisha. Nikawauliza, ananifundisha nini? Hakuna aliyejua somo lenyewe, lakini wote walijua kwamba nafundishwa.

Ijumaa moja nikamwambia Sauda nataka kwenda msikitini. Jirani akanisukuma kwa baiskeli. Baada ya sala wakanikalisha kwenye ngazi ya nje wakati jirani anaifuata baiskeli. Jua lilikuwa kali, kofia nimeivua, nimeiweka mapajani. Mzee mmoja akatoka, akanitazama, akasema, “Mungu akufanyie wepesi,” na akatupa sarafu ndani ya kofia yangu.

Sikuelewa upesi. Niliiangalia ile sarafu kama mtu anayeangalia nyoka. Kisha akaja wa pili, akaingiza mkono mfukoni.

Nilipiga ukelele uliogeuza uwanja mzima. “Mimi siombi! Nimekaa! Mtu hawezi kukaa?” Nikaitupa kofia pamoja na ile sarafu, ikafika barabarani. Watu wakakusanyika. Kaka yangu mkubwa, Zubairi, alikuwa miongoni mwao. Nikashukuru kwamba damu yangu imefika. Yeye akainama, akaiokota sarafu, akaifuta vumbi, akanitilia mfukoni mwa shati.

“Chukua tu, Hamisi,” akasema kwa upole. “Utahitaji.”

Afadhali angenipiga kofi.

Baada ya hapo Zubairi aliitisha kikao nyumbani kwangu, chumbani kwangu, mimi nimelala kitandani kwangu. Alikuja na wazee wawili wa ukoo. Baba yetu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo neno la kaka lilikuwa zito. Akasema chumba hiki kipangishwe, mimi nipelekwe kijijini kwa shangazi, na Sauda arudishwe kwa baba yake angali kijana, apate mume mwingine. Mtoto atabaki kwenye ukoo. Alisema yote hayo kwa sauti nzuri, kama mtu anayegawa nyama ya Idi.

Nilitaka kusema, lakini kwa hasira nikawa natoa povu tu. Ni Sauda aliyesimama. Alikuwa amembeba Nuru kiunoni.

“Kaka Zubairi,” akasema, “nakuheshimu. Lakini mimi si sufuria ya kurudishwa dukani kwa sababu figa limevunjika. Huyu ni mume wangu. Jana nimemnyoosha mguu wa kushoto na kidole kikubwa kimesogea.”

“Bambi,” mzee mmoja akasema, “ni matumaini tu, binti.”

“Kimesogea!” Sauda akapaza sauti. “Njoo uangalie kabla hujagawa watu!”

Hakuna aliyekuja kuangalia. Waliondoka wakisema watarudi. Sauda akamtuma dereva mmoja, mwenzangu wa zamani, apeleke habari Mbale kwa dada yangu Hadija.

Dada Hadija ndiye mtoto wa kwanza kwa mama yetu. Ameolewa Mbale na Mgisu mmoja Mwislamu, Musa, mwenye duka dogo karibu na soko. Alifika kwa basi, na alipoingia hakusema bambi. Alisimama mlangoni akanitazama juu mpaka chini.

“Unanuka,” akasema. “Sauda, funga vitu. Tunakwenda Mbale sote.”

Zubairi alipokuja kuuliza kwa idhini ya nani, Dada Hadija alimwambia kitu cha Kisoga ambacho siwezi kukirudia mbele ya watu wazima. Tukaondoka.

Sasa msidhani kwamba huko Mbale nilipoa mara moja. Nilikuwa mtu mbaya. Nilitukana uji, nilitukana kuku. Nuru alipokuja kunipandia mabegani, kama alivyozoea, nilimwondoa, akaenda kulia kwa shangazi yake. Siku ya kwanza shemeji Musa aliniletea fungu la mianzi mibichi kutoka mlimani, akaiweka ubavuni kwangu pamoja na kisu.

“Ya nini?” nikamuuliza.

“Mikono yako haina polio, bwana. Tengeneza kitu.”

Nikaisukuma mianzi ikabiringika uani. Musa akaiokota, akairudisha, akaenda dukani. Jioni nikaisukuma tena. Akairudisha tena. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonikasirisha zaidi. Mwishowe nikashika kisu ili tu nimharibie mianzi yake. Nikapasua. Mwanzi ukipasuliwa unalia vizuri, unafunguka wote kwa mara moja. Nikapasua mwingine. Nilikuwa na kichwa cha Zubairi akilini, nasema kweli, na cha daktari, na cha yule kijana wa lori. Kufika adhuhuri nilikuwa nimezungukwa na vipande, mikono inatoka damu, na njaa inaniuma kwa mara ya kwanza tangu homa. Dada Hadija akanipa malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, kwenye mchuzi wa karanga. Nikala sahani nzima na kuomba nyingine. Hakunisifu. Alipakua tu.

Kitu cha kwanza nilichotengeneza kilikuwa kapu, na lilikuwa baya kiasi kwamba kuku alikataa kutagia ndani. Nuru akalivaa kichwani, akatembea nalo uani, akagonga ukuta, akaanguka, akacheka. Nami nikacheka. Kicheko kilitoka kwa nguvu kama kikohozi, tumbo likauma, sikujua kilikuwa bado kimo. Sauda, aliyekuwa anafua, akaacha kufua, akanitazama. Machozi yalimtoka.

Baada ya kapu nikatengeneza kigoda, halafu kiti, halafu magongo ya kutembelea. Magongo yale niliyapima kwenye kwapa zangu mwenyewe, nikayafunga kamba ya katani kichwani. Kisha nikamwomba Musa mianzi mirefu, minene kuliko yote. Tukachimbia nguzo uani, tukalaza mianzi miwili juu yake, sambamba, kimo cha kiuno changu. Katikati yake palitoshea mtu mmoja. Wakaniingiza humo kama ng'ombe anayechanjwa.

Nilisimama kwa mikono. Miguu ikakunjika. Nikaning'inia. Mguu wa kushoto, ule wa kidole kilichosogea, nikausukuma kwa paja, ukaenda mbele kidogo, ukakataa. Nikautukana. Ukaenda tena. Huu wa kulia haukujibu chochote, niliuburuta tu.

Ua wa Dada Hadija haukuwa na uzio, na watu wa sokoni walikuwa wanapita. Wakasimama kuangalia. “Dada,” nikasema, “niingize ndani.”

“Sikuingizi.”

“Wananiangalia!”

“Wewe ulikuwa unapita hapa na lori lako unapiga honi ili wakuangalie. Leo umeona haya? Endelea.”

Niliendelea kwa hasira tupu. Kila siku, asubuhi na jioni, jua na mawingu. Ngozi ya kwapa ilichubuka, viganja vikaota sugu, na mara nyingi niliporudi kukaa suruali ilikuwa imelowa kwa sababu nimejikaza mno. Sauda alifua. Halafu akapata wazo lake. Chini ya mlima Wanale kuna kijito kinachoteremka kutoka kwenye maporomoko, maji yake baridi kama chuma. Sauda alimwomba Musa wanipeleke huko.

Wakanikalisha majini mpaka kifuani. Nilipiga kelele kwa baridi. Kisha Sauda akaingia na nguo zake zote, akanishika mikono yote miwili, akarudi nyuma.

“Njoo,” akasema.

Na nikaenda! Maji yalinibeba. Mguu wa kushoto ulipiga hatua, na ule wa kulia ukafuata, ukielea, lakini ukafuata. Nuru alikuwa amekaa kwenye jiwe na Dada Hadija, anapiga makofi, anapiga kelele “Baba anakwenda!” Juu yetu mlima umesimama wote, kijani, hakuna wingu. Mke wangu mbele yangu, meno yanamgongana kwa baridi, anacheka. Nilikuwa na furaha, jamani. Nilikuwa na furaha hata nikakasirika, kwa sababu nilikumbuka kwamba walitaka kuniweka kwenye chumba cha giza kijijini, na mwanamke huyu wampe mtu mwingine.

Tulikwenda kijitoni msimu mzima wa kiangazi. Mvua ziliponyesha tulirudi kwenye mianzi. Mguu wa kushoto ukajaa nyama. Wa kulia ulibaki mwembamba, na uko hivyo hadi sasa. Nauvalisha kifaa cha mbao na ngozi nilichokitengeneza mwenyewe, na fimbo mkononi. Viti vyangu vikaanza kununuliwa. Musa aliviweka mbele ya duka lake, na mahoteli madogo ya sokoni yakavitaka.

Siku moja Zubairi akaja. Alikuwa amesikia. Alinikuta nyuma ya nyumba, nafunga mgongo wa benchi refu, kazi ya watu wawili. Alisimama pale na kofia mkononi, akaanza maneno: unajua, sisi tulikuwa tunaona mbali, tulikuwa tunakuhurumia…

“Shika hapa,” nikamwambia.

“Wapi?”

“Hapa. Kaza. Usiachie.”

Akashika. Nikafunga. Nikamwonyesha pengine, akashika. Tulifanya hivyo mpaka alasiri bila neno lingine, jasho linamtoka, kanzu imejaa mabaki ya mianzi. Tulipomaliza nikasimama mwenyewe, nikatembea kwa fimbo hadi kwenye mtungi, nikamletea maji. Aliyapokea, akashindwa kuyanywa. Akalia. Ni kaka yangu. Tumenyonya ziwa moja. Sikumsamehe siku ile, na nilimwambia hivyo. Lakini nilimwambia pia arudi wiki inayofuata, kuna meza. Akarudi. Anarudi mpaka leo, na siku hizi tunazungumza.

Sasa tumehamia Mafubira, nje ya Jinja, tuna nafasi ya kutosha na karakana. Namshukuru Mungu, kwanza na mwisho. Namshukuru Sauda, ambaye hakurudishwa. Namshukuru Dada Hadija kwa kukataa kuniingiza ndani, na shemeji Musa kwa kuokota mianzi kila nilipoitupa, na yule sista na mablanketi yake. Ninyi mnaouguza, nawaomba: mnyoosheni mgonjwa viungo, mumtoe nje, mumpe kitu cha kufanya kwa mikono, na muongee naye, si juu yake. Na wewe unayeumwa, kama una hasira usiione aibu. Ipe kazi.

Maana hapa hapa Mafubira, nyumba ya tatu kutoka kwangu, nilikuta mtoto wa kike, Zamu, amewekwa nyuma ya pazia. Polio ile ile. Mgeni akija wanashusha pazia. Baba yake, karani, mtu msafi, mpole, aliniambia, “Tunamficha ili wasimcheke.” Niligomba naye mpaka wakaja majirani. Nikamwambia, “Wewe ndiye unayemcheka, bwana, kuliko wote!” Kisha nikaenda karakana, nikarudi na nguzo na mianzi miwili, mifupi, kimo cha mtoto, nikaichimbia mbele ya mlango wake, barabarani, bila kuuliza ruhusa.

Kesho yake tulimtoa Zamu. Alifumba macho kwa jua. Tukamsimamisha katikati ya mianzi, akashika, akatikisika, akaanguka kifudifudi, mdomo umejaa vumbi. Baba yake alipiga yowe, akaruka kwenda kumbeba.

“Bambi, mwanangu, bambi…”

Yule mtoto akainua kichwa. Uso wote umekunjamana kwa ghadhabu, akatema vumbi, akamsukuma baba yake mkono.

“Niache!” akasema. “Nitasimama mwenyewe!”

Kama atatembea, sijui, na sitasema nisichokijua. Lakini niliposikia sauti ile nilikaa chini palepale barabarani, na kila aliyepita aliniona ninavyolia na kumshukuru Mungu.